Asiwe na Kofia

Vidole vilikuwa vitano. Meleseini alivihesabu kwa ncha ya ukucha juu ya kioo cha simu, akavua miwani, akaifuta, akavihesabu tena. Vitano, na kidole gumba kiko mahali pake.

"Pisila, njoo uone mkono wa mtu!"

Banda la wasuka mikeka la kijiji cha Leimatu'a likalipuka kwa kelele. Kwa wiki mbili akina mama wote walikuwa wakihangaika na mashine za kuchora kwenye simu, maana Ijumaa walitakiwa kuchagua picha ya bango la kikundi. Ya Pisila ilikuwa imeshamletea nguruwe wa miguu mitano na msusi wa vidole saba.

"Saba si ndiyo atasuka haraka?" Pisila alijitetea, machozi ya kicheko yakimtoka. "Hebu tuambie mwenzetu, hiyo yako unaiambia nini?"

"Naiambia ninachotaka."

Wakacheka zaidi, kwa sababu kila mtu pale alijua habari za Meleseini na anachotaka. Marehemu mumewe alitumwa magimbi akaleta mihogo, miaka thelathini. Fundi aliambiwa geti liwe kijani cha jani la mgomba, akapaka bluu, ikabidi arudie. Watoto walimwitikia "ndiyo, mama" huku wakitazama kwingine. Kueleza alijua sana, ila katika miaka sitini na miwili hakuwahi kumpata mtu wa kumsikiliza mpaka mwisho wa sentensi, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha.

Ndipo, wiki mbili nyuma, mpwa wake Kalolaine, aliyeko Auckland, akamtumia namba ya mashine moja pamoja na masharti manne. Taja kitu chenyewe kwanza. Sema mwanga unatoka wapi. Sema kama unataka fotografia au mchoro wa rangi. Mwishoni, sema usichokitaka.

"Na usiisalimie, shangazi. Haina haja na salamu."

Meleseini aliisalimia. Hakulelewa kuagiza kitu bila salamu.

"Habari za asubuhi. Mwanamke mnene anasuka mkeka, anacheka, meno yote yanaonekana. Mwanga wa asubuhi kutoka kushoto. Mchoro wa rangi. Asiwe mwembamba kama wale wa kwenye matangazo. Ahsante. Ni mimi, Meleseini wa Leimatu'a."

Ilichukua saa tano. Mtandao wa visiwa vya Vava'u ndivyo ulivyo. Lakini picha ilipofika, mwanamke alikuwa mnene kwelikweli, mnene wa kuridhisha. Kasoro ilikuwa moja tu: pembeni palionekana kikombe cha chai ambacho hakukiagiza. "Kikombe sitaki," aliikaripia. Kikombe kikaondolewa, na mashine ikaomba radhi. Alipotaka samaki iliuliza ni samaki gani, maana wako wengi. Jumapili haikujibu kabisa, na Meleseini akapiga makofi peke yake jikoni. Kumbe hata mashine inaijua siku ya Bwana!

Ijumaa ilipofika, mikono yote bandani ilinyooka kuichagua picha yake, wa Pisila ukiwa wa kwanza.

"Jamani, mume wangu nimpeleke kwa hiyo mashine akafundwe," Pisila alisema. "Wiki moja tu. Akirudi hivyo hivyo, basi nimeshindwa."

Meleseini alirudi nyumbani nusu akitembea, nusu akicheza. Kichwa kilikuwa chepesi kwa furaha. Akaketi kibarazani, akaandika haraka kabla akili haijamrudia.

"Habari za jioni. Hii ni yangu mwenyewe, siyo ya kikundi. Mwanamume wa makamo yangu, mgane, amesimama nje ya geti la kijani, la tatu baada ya kanisa. Mkeka wa kiunoni, ule wa kwendea kwa watu kwa heshima, ameufunga vizuri. Mkononi ana kapu la magimbi. Magimbi, siyo mihogo. Mwanga wa saa kumi jioni, kutoka nyuma yake. Anatabasamu kidogo, ana wasiwasi kidogo. Asiwe na kofia, nataka kumwona macho. Ahsante. Meleseini."

Akatuma. Halafu haya zikamshika, akaifunika simu kwa mto na kuukalia.

Jumamosi, kimya. Jumapili kimya pia, na hilo alilitegemea. Jumatatu mchana bado kimya, na furaha yote ikawa imemtoka. Bila shaka ameielemea. Kitu pekee kilichowahi kumsikiliza, na yeye amekiharibu kwa tamaa za uzeeni! Alijichukia hata chakula kikamshinda.

Saa kumi simu ikalia. Meleseini aliirukia, kidogo aanguke. Ulikuwa ujumbe wa Kalolaine.

"Shangazi, nisamehe sana! Ile namba niliyokupa nilikosea tarakimu ya mwisho. Najua umehangaika bure wiki mbili zote. Nakutumia sasa hivi ya mashine yenyewe."

Alikuwa akiusoma ujumbe huo mara ya pili geti lilipogongwa.

Mwanamume asiyemjua alisimama nje, jua likiwa mgongoni mwake. Mkeka wa kiunoni ulikuwa umefungwa vizuri, na chini ya kucha zake rangi za kuchorea, nyekundu na njano, zilikuwa zimegandia. Alilinyanyua kapu kwa mikono miwili ili lionekane.

"Habari za jioni, mama. Samahani nimechelewa, magimbi mazuri hayapatikani upesi siku hizi."

Kisha akashtuka, akaivua kofia kichwani na kuitupa ng'ambo ya barabara.