Mikono ya Chai

"Ngoja tuongeze chai kwanza," alisema kaka mkubwa, akaingia jikoni kwa mara ya tatu.

Mnunuzi alitabasamu. Kazi aliyopewa na Kampuni Kubwa ilikuwa moja tu: kununua vijikampuni kabla havijaota meno. Ndugu hawa watatu wa kiume, katika vyumba viwili juu ya duka la rangi, walikuwa na programu ya simu inayomsikiliza mtu asiyejua kuandika na kumwandikia barua yake. Ile ya Kampuni Kubwa iliandika upuuzi mtupu, na watu walikuwa wanaihama.

Kila alipouliza swali gumu, mmoja wao aliingia jikoni. Akirudi, jibu limeiva, na dada yao mdogo anamfuata na sinia, macho chini.

"Nyie mtapasuka vibofu," Mnunuzi aliwatania.

"Ndivyo tulivyo, bosi. Bila jikoni hatuna akili."

Akafungua mkataba. "Programu tunaichukua, tunaifunga. Nyinyi mnahamia kwetu. Na atakayetia saini hapa, miaka mitano haruhusiwi kutengeneza nyingine kama hii."

"Mnaifunga?" dada aliuliza, sinia bado mkononi. "Na wanaoitegemea je?"

"Watazoea ya kwetu."

Alilitua sinia polepole. "Na mimi natakiwa kutia saini?"

Mnunuzi alicheka hadi miwani ikamteleza. "Una cheti gani, mdogo wangu?"

"Hata shule ya msingi sikumaliza."

"Basi pumzika. Sisi tunanunua vichwa. Mikono ya chai hatununui."

Kaka mkubwa alikohoa. "Umemsikia, dada. Wewe humo."

"Nimesikia."

Wale watatu walitia saini bila hata kusoma ukurasa wa mwisho.

Miezi minane baadaye ikazuka programu nyingine, kali kuliko ile ya kwanza, ikawazoa wateja wote. Kampuni Kubwa iliwachunguza wale ndugu. Walikuwa ofisini kutwa, wakipiga miayo. Mnunuzi akatumwa tena na mkataba, nafasi ya jina ikiwa wazi.

Anwani ilimrudisha juu ya duka la rangi. Mlango haukufungwa. Nyuma ya kompyuta vidole vilikuwa vinakimbia juu ya vibonye, na alipobisha havikusimama.

"Karibu, bosi," alisema dada mdogo. "Birika liko jikoni. Leo utajimiminia mwenyewe."