Mzee Aligonga Barafu

"Imara," alisema mzee baada ya kuigonga barafu ya mto kwa fimbo yake. "Kila Aprili tunavukia hapa."

"Baba, nasikia maji chini," alisema Risten, bintiye.

Mzee akacheka. "Hayo masikio umeyatoa mjini. Nimevuka hapa nawe ukiwa mgongoni."

Nyuma yao walingoja kulungu wao wa theluji mia mbili, majike wenye mimba wakitaka kuwahi kuzalia pwani. Mzee alimshika kamba jike kiongozi, akatangulia naye.

Barafu ilipasuka bila kishindo. Jike akazama hadi shingoni. Kwato zake zilikwangua ukingo, ukamegeka. Zikakwangua tena, ukamegeka tena. Mzee alilala kifudifudi akiing'ang'ania kamba, akivutwa taratibu kuelekea majini.

"Mwachie, Baba!"

Hakumwachia. Risten akatambaa hadi alipo, akaikata kamba kwa kisu.

Walilitazama lile tundu jeusi mpaka maji yakatulia. Kisha mzee, ambaye maishani hakuwahi kumuuliza mtu njia, akamgeukia.

"Mwanangu, sasa tupite wapi?"

Risten aliutazama mto, juu hata chini. Hakujua.