Kauri ya Marehemu

Miaka hiyo kila nyumba ilikuwa na konokono wa baharini, mdogo kama punje ya kunde, akiishi kwenye bakuli la maji ya chumvi. Sauti iliyosemwa karibu naye aliitandaza juu ya kauri yake, na mpya ilifunika ya zamani. Ukimweka sikioni, ulisikia ile ya juu kabisa.

Mumewe alipofariki, Bi Mwatime aliingia eda na bakuli lake chumbani. Sauti ya juu ilikuwa ya marehemu: "Mwatime, chai iko wapi?" Alijizuia kuisikiliza, akajiwekea akiba ya siku ya kutoka eda.

Binti yake Rukia alipoingia na uji, hakumaliza hata kuamkia.

"Shikamoo, ma..."

"Nyamaza! Utamfunika babako!"

Waliokuja kutoa pole nao aliwanyamazisha. Miezi minne na siku kumi, hata dua aliomba kimoyomoyo.

Siku ya kutoka eda alioga, akavaa leso mpya, akamwinua konokono kwa vidole viwili, akamweka sikioni.

"Nyamaza!" kauri ikamfokea, kwa sauti yake mwenyewe.

Rukia alikuwa mlangoni. "Mama, baba anasemaje?"

Bi Mwatime akamrudisha konokono majini, taratibu.

"Anaulizia chai," akasema.