Nyumba ya Kuonja

Kila mbegu mpya iliyotoka maabara ilipewa nyumba moja ya kuionja, na mahindi haya yaliangukia kwa Nyamizi. Mwaka mzima yeye, mumewe na binti yao Kalunde walikula hayo tu; hata harusini walikwenda na bakuli lao. Mmoja wao akisema ana kasoro mwilini, nyumba ile ile inaanza mwaka upya, kwa uchunguzi zaidi.

Tangu mvua za kwanza Nyamizi hakusikia ladha ya kitu chochote. Alinyamaza.

Siku ya mwisho mkaguzi alikaa jikoni na fomu yake. "Mama Kalunde, kuna lolote lililobadilika mwilini?"

Nyamizi alimtazama mumewe. Mumewe alitazama mlango.

"Hakuna, baba. Sote wazima."

Mkaguzi akagonga muhuri. Nje, majirani walikuwa wameshapanga foleni ya mbegu.

Jioni jirani yao, Mama Shija, aliwaletea kuku wa mchuzi kuwapongeza. Walikula mpaka wakaramba vidole.

"Mtamu kweli," mume akasema.

"Mtamu," Kalunde akaitikia.

Mama Shija akachovya kidole kwenye sufuria, akatema. "Jamani, kumbe nimetia chumvi mara mbili. Mmemlaje huyu?"

Nyamizi aligeuka akamwangalia mumewe, kisha mtoto. Miezi yote ile alidhani ni yeye peke yake.

Mama Shija akacheka, akachukua sufuria yake na mfuko wake wa mbegu, akaenda kupanda.