Fainali ya Thelathini na Moja

Kwa miaka thelathini, mashindano yale ya tenisi ya kulipwa ya wanaume hayakuwahi kusimama hata siku moja. Yaliwekwa ukumbini makusudi, ili mvua isiwaharibie wachezaji mchezo. Sasa fainali ya thelathini na moja ilikuwa imefika seti ya mwisho, na mwamuzi Tumsifu, juu ya kiti chake kirefu, aliona unga wa saruji ukidondoka kwenye karatasi yake. Paa lilikuwa likilia kwa uzito wa maji.

“Mchezo umesimama,” alisema kwenye kipaza sauti. “Tokeni wote, taratibu.”

Watu wakazomea. Katibu wa mashindano, Mzee Kilindo, akamjia mbio.

“Mama, unatuaibisha. Jengo hili limevumilia mvua ngapi?”

“Naogopa, mzee wangu,” alijibu huku akishuka. “Mtanizomea vizuri tukiwa nje.”

Walitoka wakinung’unika, wachezaji wawili wakiwa nyuma kabisa, wakasimama mvuani wakimtazama kwa hasira. Ghafla kelele zikakatika. Kupitia mlango uliobaki wazi, waliona taa zilizoning’inia juu ya uwanja zikianza kuyumba, zote kwa pamoja.