Kilichomo Tengani

Siku hizi silika ya kila mtu hukaa nje ya mwili. Yangu ni mnyama mwenye ukubwa wa kuku. Namfuga kwenye tenga jikoni, nikimpa makombo tu asije akapata nguvu.

Mchana ule mwanangu Sikudhani, aliyekuwa akilia chumbani, alinyamaza ghafla. Tenga likaanza kutikisika.

“Mtoto hana homa,” ilisema bangili ya akili mkononi mwangu. “Mwache apumzike.”

“Umesikia, mama Sikudhani?” mume wangu alisema huku akila. “Hebu lifunike hilo likuku lako, linatupigia kelele.”

Nilikuwa nimechoka kutii. Nikafungua tenga ili silika yangu iniongoze.

Mnyama hakutoka. Alinitazama, kisha akaitazama bangili, akisubiri ruhusa. Chumbani bado kulikuwa kimya.