Mistari Mia Mbili na Kumi

Basi la shule lilikuwa limeshapita geti Mkia alipotokea nyuma yake anakimbia, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Mwalimu, yule si Mkia?" aliuliza Sindano, msichana aliyeshona parachuti.

"Kazi ya mkia ni kufuata," alisema Nahodha wa timu. "Mwacheni afuate."

Basi zima likacheka, yaani wanafunzi watatu, mwalimu na dereva. Mwalimu wa fizikia alicheka, kisha akajikohoza, akakumbuka kwamba yeye ni mtu mzima. Hakumwambia dereva asimame. Jana yake Nahodha alimpelekea fomu ya mashindano, jina la Mkia limeondolewa, naye akatia sahihi huku anaongea na simu. Mwalimu wa namna ile ungempelekea hati ya kifo chake mwenyewe, angeuliza tu asaini wapi.

Nahodha alikuwa amepakata boksi lenye setilaiti yao, kitu kiasi cha kopo la soda. Roketi ndogo ingeipandisha na kuitapika huko juu, ishuke kwa parachuti huku ikituma vipimo vya joto na mgandamizo wa hewa kwenye kompyuta iliyo chini. Timu kumi na moja zilikuwa zinashindana. Zawadi ilikuwa moja tu: nafasi ya kusomea uhandisi chuo kikuu, bila ada, kwa mwanafunzi aliyeandika kwa mkono wake programu ya setilaiti itakayoshinda. Si timu. Mtu mmoja.

Na programu ilitoka kwa Mkia. Hapo ndipo palipomchoma Nahodha. Yeye, wa kwanza darasani tangu ajue kushika kalamu, alihangaika nayo miezi miwili na kopo likabaki bubu. Mkia, ambaye matokeo yakibandikwa ukutani humtafuti juu, unainama, alikuja Jumatatu moja na programu kamili, mistari mia mbili na kumi. Wakaipakia. Kopo likaanza kuongea. Alipoulizwa inafanyaje kazi, Mkia aliangalia pembeni.

"We iwashe tu," alisema.

"Hata kueleza hajui," Nahodha aliwaambia wenzake baadaye. "Ng'ombe akikojoa dhahabu, utampa digrii?"

Akafuta jina la Mkia juu ya programu, akaweka lake. Kisha akafanya jambo aliloliweza kuliko wote shuleni: akaikariri. Mistari yote, neno kwa neno, kama mtoto anavyokariri jedwali la kuzidisha.

Njiani simu ya Mchomeaji, kijana aliyeunga nyaya za setilaiti, ililia. Alisikiliza, akaiziba kwa kiganja.

"Ni Mkia. Anasema ukiulizwa kuhusu programu, usiseme ni yako. Sema hujui."

"Mimi niseme sijui?" Nahodha alicheka mpaka boksi likatikisika. "Hilo ni jibu lake yeye tangu darasa la kwanza. Mwambie wivu haupandi basi."

"Lakini analia, bwana."

"Mpe kitambaa. Kata simu."

Saa nne asubuhi roketi iliruka. Kopo likatoka, parachuti ikafunguka, na namba zikamiminika kwenye kompyuta bila kukatika mpaka kopo lilipogusa majani. Makopo ya timu nyingine yalianguka kimya, kama makopo. Mwalimu alipiga makofi kuliko watu wote, yeye ambaye hakuwahi kukanyaga maabara tangu kazi ianze.

Jaji mkuu, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliomba kuiona programu. Akasoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. Akavua miwani, akaifuta, akarudia wa kwanza.

"Nani ameandika?"

"Mimi, madamu."

"Hapa, kabla haijaanza kutuma namba. Pana nini?"

Nahodha hakuangalia hata karatasi. "Programu inasubiri sekunde saba, springi ifungue antena."

"Nionyeshe hiyo springi."

Nahodha akafungua kopo. Palikuwa na betri, nyaya, na gundi ya Mchomeaji iliyomwagika. Antena yao ilikuwa waya mnyoofu. Springi haikuwepo, na haikuwahi kuwepo.

"Tuliitoa," alisema.

"Mwanangu," jaji alisema taratibu, "nakuuliza mara moja tu. Kama kuna mwenzako aliyehusika na programu hii, mtaje sasa hivi."

Sindano alimwangalia Mchomeaji. Mchomeaji akaangalia viatu vyake. Mwalimu alianza kutafuta kitu mfukoni, na hakukipata. Mashujaa hao.

"Hakuna," alisema Nahodha. "Kila mstari ni wangu."

"Utayaandika hayo na kutia sahihi?"

Akayaandika, kwa mwandiko mzuri sana.

Timu iliondolewa mashindanoni kabla ya chakula cha mchana. Nahodha alifungiwa miaka mitano na barua ikatumwa kwa kila chuo. Sasa ni karani wa ghala, na namba za maboksi anazijua zote kwa kichwa. Sindano anashona sare za shule. Mchomeaji anatengeneza redio, nyingine zinapona. Mwalimu alipandishwa cheo. Mkia aliitwa, akaulizwa kama alihusika, akasema hapana, na kila karatasi ikakubaliana naye. Mwaka uliofuata alishindana tena kwa programu aliyoiandika mwenyewe, na kopo lake halikusema neno.

Ile ya kwanza aliinakili yote kutoka kwenye fleshi ya binamu yake, aliyekuwa katika timu ya mabingwa wa miaka mitatu nyuma. Jaji mkuu aliitambua upesi, kwa sababu mabingwa wale aliwaandikia yeye.